Paka wa Kumi na Mbili

Kama hujawahi kudharauliwa na paka, pita Kitengela nyuma ya safu ya bucha, useme Kaluki ndiye amekutuma. Kulikuwa na mmoja hapo, wa kijivu, mguu wa mbele wa kulia mweupe kama aliukanyagisha kwenye unga, na watu wazima wawili walimpigia magoti siku tatu mfululizo wakimkaribisha chakula. Siku ya kwanza matumbo. Siku ya pili vichwa vya samaki. Siku ya tatu maini ya kukaanga na kitunguu, chakula ambacho Elphas Achola alikiri hajakiona mezani kwake tangu astaafu.

Paka alikuja siku zote tatu. Aliuzunguka mtego, akasimama mlangoni, akanusa. Kisha akaanza kuparura udongo kwa mguu ule mweupe, taratibu, akiirushia ile sahani ya maini mpaka ikapotea. Alipomaliza akaenda zake bila kugeuka.

"Umeona hiyo, Mama Mumo?" Elphas alimwambia Kaluki, akijipangusa magoti. "Amekagua, amekataa, amezika. Huyu ni mkaguzi wa afya."

Jina likashika papo hapo: Mkaguzi. Kaluki alicheka, maana usipocheka na Elphas atakuuliza kama umemeza dawa za malaria. Lakini Kaluki alikuwa anasikia ule mparuro. Krr, krr, krr. Alikuwa ameusikia mara nyingi tangu mwaka wa 1997, hasa mvua ikinyesha, na mara hizo zote hakukuwa na paka karibu.

Sasa ilikuwa 2004, na hao wawili ndio waliokuwa kikundi kizima cha kuwatetea paka wa Kitengela, pamoja na mtego mmoja. Elphas, karani mstaafu wa kiwanda cha simiti, alikuwa mwenyekiti, katibu na mbeba mizigo. Watu walimwita Baba Ajwang, na wengine, akishawapa kisogo, walimwita Baba Paka. Kaluki alikuwa mpishi wa chakula cha sherehe. Ukisikia harusi ya Wakamba Athi River imepikiwa pilau isiyoshikana, ni mkono wake. Kazi yao ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Unamshika paka asiye na mwenyewe, unampeleka kwa daktari ahasiwe kama ni dume au afungwe kizazi kama ni jike, anakatwa ncha ya sikio la kushoto ili asishikwe tena bure, kisha unamrudisha palepale ulipomtoa. Daktari Waruguru alikuja kutoka Ngong kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, akapasua juu ya meza chumba cha nyuma cha duka la dawa za mifugo, asilipwe ila chai na chapati.

Kwa mwaka mmoja walikuwa wamewamaliza paka ishirini na sita wa uchochoro wa bucha. Amebaki mmoja.

Na mwenye uchochoro amechoka. Mchana ule wa Jumatano, Kitonga, ambaye hoteli yake ndiyo kubwa kuliko zote kwenye ile safu, aliwaita kaunta. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, hupangusa kaunta hata ikiwa kavu.

"Mama Mumo, Baba Ajwang. Mimi sio mtu mbaya. Wateja wangu wanakula nyama, paka wanaimba kwaya chini ya meza. Mkasema mnipunguzie. Nikawaachia."

"Na kwaya imepungua, bosi," Elphas alisema.

"Imebaki mwimbaji mmoja, na huyo ndiye huzaa wengine. Mwaka jana alizalia kwa stoo yangu ya makaa. Jumatatu watu wa afya wanakuja kukagua. Nawapa mpaka Ijumaa jioni. Hapo, kama huyo hajashikwa, nafanya vile nilifanya zamani." Akaacha kupangusa. "Kaluki anajua."

Kaluki aliangalia juu ya bega la Kitonga. Kwenye rafu ya jikoni, juu ya debe la chumvi, kulikuwa na kifurushi cha karatasi ya kaki kilichofungwa kwa uzi. Chini yake Mwongeli, msichana wa jikoni, alikuwa anaosha matumbo kwenye karai, mikono imezama mpaka kwenye viwiko. Kaluki alimjua kwa sura tu. Lakini mkao ule, na karai lile, alivijua vizuri sana.

Walipotoka nje Elphas aliuliza, "Njia gani hiyo unaijua?"

"Sumu."

"Si ishirini na sita wako na alama? Wale hawazai tena. Wamekosa nini?"

"Sumu haisomi masikio, Baba Ajwang."

Elphas alitaka kutania, akafungua mdomo, akaona uso wake, akaufunga. Kwa Elphas, hiyo ni kama benki kufunga mchana.

* * *

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka wa 1997, mvua za El Niño zilipofurisha kila shimo la Kitengela, paka walihamia hoteli ya Kitonga kutafuta pakavu. Kaluki alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto mgongoni, na kazi ya jikoni ambayo wanawake wengine wanane walikuwa wanaingoja mlangoni. Kitonga alimletea matumbo na kifurushi. Hakumfokea. Alisema tu, "Fanya hii kabla ya wateja."

Kwao, upande wa Machakos, mtu akikukaribisha kinywaji hunywa kwanza funda moja mbele yako. Husema anatoa sumu. Ni heshima tu, hakuna anayefikiria sumu yenyewe. Na mpishi naye huonja; Kaluki hajawahi kuepua sufuria bila kuonja chumvi. Asubuhi ile alikata matumbo vipande kumi na viwili, kwa sababu paka aliowahesabu walikuwa kumi na wawili, akavipanga kwenye mifuniko ya sufuria, na kilikuwa chakula cha kwanza maishani mwake alichoandaa bila kuonja.

Walimjua. Ndiye aliyekuwa akiwatupia makombo. Walikuja mbio, mikia juu.

Baadaye aliwakusanya kwenye gunia. Walikuwa kumi na mmoja. Alitafuta chini ya meza, kwenye makaa, kwenye mtaro uliojaa maji ya kahawia. Yule wa kijivu mwenye mguu mweupe hakuwepo. Akawazika wale kwenye kona, pale ukuta wa bucha ya mwisho unapokutana na barabara ya vumbi, lakini mvua ilikuwa inaufumua udongo, na kila akifukia, mguu mmoja unachungulia tena. Alifukia kwa jembe, jembe likakwama kwa matope, akafukia kwa mikono. Krr, krr, krr. Alipoinua kichwa aliona, ng'ambo ya mtaro, paka wa kijivu ameketi kwenye mvua, povu mdomoni, anamtazama.

Hakumwona tena. Aliacha kazi mwezi uliofuata. Na miaka yote tangu hapo alinunua maziwa ya pakiti, kwa sababu kona ile ndipo wanawake wa Kimaasai walipokuja baadaye kuuzia maziwa freshi, na yeye hawezi kusimama hapo akingoja chenji.

Mwaka mmoja kabla ya hii hadithi, Elphas alipokuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kushika paka, watu walishangaa mpishi mwenye shughuli zake kujitolea wa kwanza. Elphas alimwuliza sababu. Alijibu kwamba anapenda paka. Kisha siku ya pili ya kazi, kutoka nyuma ya makreti ya soda, akatokea wa kijivu mwenye mguu mweupe.

* * *

Alhamisi walifika alfajiri, kwa kuwa daktari angeanza saa tatu na hakukuwa na Alhamisi nyingine. Elphas alikuwa amebeba mtego, kizimba cha nyaya alichochomelewa na fundi wa jua kali: mlango unaning'inia juu kwa kulabu, paka akikanyaga kibati ndani, mlango unashuka. Kaluki alikuwa na leso ya kukifunika, maana paka akiwa gizani hutulia. Chambo hawakuwa nacho. Walikuwa wamemaliza akili.

Kwenye kona, Nashipae alikuwa ameshashuka kutoka pikapu ya maziwa. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, wa upande wa Isinya, na kando ya mitungi yake ya plastiki hakuacha kamwe kuja na kibuyu kimoja cha maziwa ya mgando, kile kinachosafishwa kwa kijinga cha moto mpaka maziwa yananukia moshi. Kabla ya kuuza, alikifungua, akasema maneno yake kwa Kimaa, akamwaga kidogo chini. Ya Enkai, Mungu, kwanza. Ya watu baadaye.

Kutoka nyuma ya makreti akatoka Mkaguzi. Akaenda moja kwa moja, bila kuzunguka, akalamba pale palipolowa.

Elphas alishika mkono wa Kaluki. Kaluki alikuwa anatazama udongo uliokuwa unalambwa. Alikuwa ameuchimba yeye.

"Sopa, yeyo," Elphas alisalimia kwa Kimaa, akimwita mama.

"Ipa. Nyinyi ndio watu wa masikio." Nashipae hakuuliza, alitamka. "Huyu hunywa hapa kila siku. Nyama hataki. Mwaka jana alikuja na watoto, mmoja akaona nyama imetupwa hapo, akataka kukula. Mama yake akamchapa kofi mpaka akabingirika. Akazika ile nyama. Watoto wote wakiangalia."

"Yeyo, tusaidie," Elphas alisema. "Hayo maziwa kidogo tu, tuweke ndani ya hii."

"Hii ni ya Enkai. Sio ya kudanganya mtu."

"Paka sio mtu, mama."

"Na wewe unaitwa Baba Paka, ama nimesikia vibaya?" Alimtazama Elphas mpaka akajikuna kichwa. "Ngoja niulize kitu. Hiyo alama ya sikio ni ya nani?"

"Ni ya kuonyesha ameshatibiwa."

"Mimi sijauliza ugonjwa. Nauliza mwenyewe. Ng'ombe ikikatwa sikio iko na boma. Ikikula shamba ya mtu, tunajua tutaenda kwa nani. Ikilia, tunajua nani hajalala. Hawa wote mumekata. Mwenye alama ni nani?"

Elphas alifungua mdomo kueleza habari za kikundi. Kaluki akamwahi.

"Ni mimi."

"Wewe. Basi niambie kwa nini ng'ombe yako haikuli nyama."

Mtu anaweza kubeba jambo miaka saba kama gunia la makaa, akazoea, akasahau kwamba mgongo umepinda. Ukimwambia atue, hajui aanzie wapi. Kaluki alianzia kwenye vipande. Alisema nilikata vipande kumi na viwili. Akasema karai, kifurushi, mifuniko ya sufuria. Akasema walikuja mbio kwa sababu ni mimi. Akaonyesha kwa kidole chini ya kigoda cha Nashipae, akasema kumi na mmoja wako hapo, na huyu ni wa kumi na mbili, amekuwa akinikumbuka.

Nashipae aliinuka kwenye kigoda chake. Alitazama chini, pale alipomwaga maziwa miaka minne, asubuhi baada ya asubuhi.

Elphas mwaka mzima alikuwa amemsifu Kaluki mbele ya mkewe, kanisani, kwa daktari. Sasa akainama, akainua kulabu ya mlango wa mtego, akaijaribu mara mbili kama ilikuwa haijajaribiwa.

"Saa kumi na mbili na nusu," alisema. Hakumtazama.

Nashipae alimnyooshea Kaluki kibuyu. "Mimi sitamwaga. Mwaga wewe. Na uanze wewe, aone."

Kwa hiyo Kaluki akapiga magoti kwenye ile kona. Mkaguzi alikuwa amerudi nyuma hatua tano, ameketi, mkia umezunguka miguu. Kaluki akainua kibuyu, akanywa. Maziwa yalikuwa makali, yana moshi, na koo lake likakataa; ikabidi ayameze mara mbili. Akafungua mdomo wazi, kama mtoto anayeonyesha amekunywa dawa. Angejiona angejicheka. Kisha akamwaga kidogo chini mbele ya mlango wa mtego, kidogo kwenye kizingiti, na kingine ndani, nyuma ya kibati.

Paka alikaa. Pikapu ya nyama ilifika, ikashusha, ikaondoka. Paka alikaa. Jua lilipogusa bati za bucha aliinuka, akaja, akanusa mkono wa Kaluki uliokuwa bado umeshika kibuyu. Alinusa kila kidole. Halafu akalamba pa kwanza. Akalamba kizingiti. Akaingia.

Mlango ulishuka.

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Kaluki. Wengine wote ishirini na sita walirukia nyaya, wakalia, wakajikojolea. Huyu aligeuka tu ndani ya kizimba, akamtazama mpaka leso ilipomfunika.

* * *

Kwa sababu ya yale maziwa, maana paka hapasuliwi akiwa na kitu tumboni, daktari alimweka wa mwisho. Kaluki alingoja nje kwenye magunia ya chakula cha kuku mpaka saa nane alipoitwa. Mkaguzi alikuwa amelala kwenye meza, ameshashonwa, ulimi umetoka kidogo, mdogo kuliko alivyoonekana uchochoroni.

"Sikio nimngojee mwenyewe akate?" Waruguru alisema kwa utani. "Baba Ajwang ameniambia umekubali wote ni wako."

"Daktari, huyu ana miaka mingapi?"

Waruguru aliinua mdomo wa paka kwa kidole. "Mitatu. Labda minne."

"Sio saba?"

"Hapana."

"Nane?"

"Mama Mumo, paka wa mtaani wa miaka nane hana meno haya. Njoo uone. Huyu hata sio wa enzi ile ya mvua kubwa. Mama yake, labda. Ama nyanya."

Elphas, aliyekuwa anaosha kizimba mlangoni, aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumtazama Kaluki usoni, na alitabasamu kidogo, kama mtu anayeleta habari njema. Si yeye. Yule hakukumbuki. Nenda ukalale.

Kaluki naye alitaka kutabasamu. Akaketi juu ya ndoo. Huyu hakuwahi kumwona akikata matumbo. Hakuwahi kuona gunia wala mvua. Mtu alimfundisha. Yule wa povu mdomoni alipona, akazaa, akawachapa watoto wake kofi mbele ya nyama, akawaonyesha namna ya kuizika. Nao wakawachapa wa kwao. Miaka saba walikuwa wanasimuliana habari zake nyuma ya makreti ya soda, bila neno hata moja.

Na sasa huyu wa mwisho amefungwa kizazi. Wa kuambiwa hayupo tena.

"Kata," alimwambia daktari. Daktari akakata ncha ya sikio, ikaanguka kwenye sinia, ndogo kama ukucha. Kaluki aliitazama kwa muda. Alikuwa amewaokoa paka ishirini na saba wasile sumu. Pia alikuwa amemaliza mashahidi.

* * *

Ijumaa jioni walimrudisha. Kitonga alitoka kwenye mlango wa jikoni na kitambaa chake, Mwongeli nyuma yake. Elphas aliinua leso upande mmoja ili waone sikio.

"Haya," Kitonga alisema. "Nyinyi ni wakaidi. Watu wa afya wakiniuliza, nitasema hawa ni paka wa serikali."

"Nipe ile ya juu ya chumvi," Kaluki alisema.

"Ile nimenunua, mama."

"Hata ile nyingine ulinunua. Nikaifungua mimi."

Kitonga alipangusa fremu ya mlango. Alikuwa mtu asiyependa maneno yaende mbali, hasa mbele ya wateja, na wateja wawili walikuwa wameshaacha kutafuna. Alimwashiria Mwongeli kwa kidevu. Msichana alileta kifurushi akikishika kwa pembe, na alipokitoa mkononi mwake alishusha pumzi kama aliyetua mtungi.

"Alikuwa amekuambia ufanye lini?" Kaluki alimwuliza chini chini.

"Kesho asubuhi. Kabla ya wateja."

Elphas alikifunga kifurushi kwenye mifuko miwili ya plastiki, ampe daktari akija tena. "Usiniombe nikuonjee hiki," alimwambia Kaluki. Ulikuwa utani mbaya, lakini ulikuwa wa kwanza tangu jana. Kaluki aliupokea kama mtu anavyopokea kiti.

Akafungua mlango wa kizimba. Mkaguzi alitoka polepole, akakanyaga udongo wa kona ile, akaunusa. Akaanza kuparura kwa mguu mweupe. Hakukuwa na sahani, hakukuwa na nyama. Krr, krr, krr. Akaacha, akapita katikati yao, akapotelea nyuma ya makreti.

Asubuhi iliyofuata Kaluki alikwenda kununua maziwa. Nashipae alikuwa amehamisha kigoda chake hatua tatu kando, akaiacha kona wazi, na alipomwona alimnyooshea kibuyu kabla ya salamu. Kaluki alichuchumaa. Alikunywa funda moja, akalishika mdomoni. Paka alikuwa ameshafika, sikio lililokatwa bado na damu kavu, ameketi hatua tano kama kawaida. Kaluki akamwaga. Maziwa yakatandaa kwenye vumbi, yakaanza kuzama.

Mkaguzi hakuyatazama. Alikuwa anamtazama Kaluki shingoni, akingoja ameze.